Nusu Mzunguko wa Spana

Fundi Dismas alikuwa na ugonjwa ambao wateja wake wa Turffontein, Johannesburg, waliusifu na mkewe aliulaani: hakujua kuiacha kazi. Ukimpelekea gari lenye taa moja mbovu, alikurudishia taa zote mbili zikiwa zinalingana mwanga mpaka basi, na wewe umekwenda kazini kwa miguu wiki nzima. Ukimlalamikia, anakwambia kawia ufike. Methali nazo zina wateja wake, na huyu alikuwa mteja wa hiyo moja tu.

Kwa hiyo Mansour, mfanyabiashara wa Fordsburg ambaye malori yake yalitengenezwa na Dismas, alipomwazima karavani lake lenye injini alimwonya mapema.

"Gari zima, fundi. Injini, tairi, breki, vyote sharp. Ila kile chumba cha ubavuni kimepinda. Usije ukashinda nacho mpaka Krismasi."

Chumba chenyewe kilikuwa cha kitanda. Gari likiwa barabarani, kimeingia ndani. Likisimama, unabonyeza kitufe, mota inanguruma, na kipande kizima cha ubavu kinatoka nje kama droo ya kabati, kitanda kikiwa humohumo. Hiki cha Mansour kilitoka upande. Pembe ya mbele ilitangulia, ya nyuma ikaburuzika, na kule juu ikabaki nafasi ya kupitisha kiganja. Ukilala kitandani ungeiona mbingu, na mvua ingekuona wewe. Aliyetazamiwa kulala pale alikuwa mama mkwe wa Dismas.

Mama MaKhumalo alikuwa na miaka themanini na minane. Mwanawe wa kwanza, Zwelakhe, alitoroka nchi enzi za makaburu akiwa kijana mdogo, akavuka mipaka mpaka Tanzania, na mwaka themanini na nane akafa kwa malaria huko Morogoro, ana miaka kumi na tisa. Alizikwa hukohuko, katika kambi ya wakimbizi wenzake. Serikali ilikuwa imeanza kuirudisha mifupa ya watu waliofia nje, lakini orodha ni ndefu na umri wa mama haukuwa mrefu. Naye mifupa hakuitaka kwanza. Alitaka roho ya mwanawe irudi nyumbani, na roho kwao haitumiwi kwa posta. Hukatwa tawi la umphafa, mti wa miiba wa jamii ya mkunazi, likapelekwa pale mtu alipokata pumzi. Hapo huitwa kwa jina lake, akaambiwa twende nyumbani. Njiani mwenye kubeba tawi hasemi na mtu mwingine yeyote. Anasema na yule aliyemfuata: sasa tunapita mpaka, sasa tunavuka mto, shika vizuri.

Daktari alimkataza ndege kwa sababu ya moyo. Mama MaKhumalo alicheka. "Ndege ya nini? Nitamwambia nini mtoto kule juu, kwamba sasa tunavuka wingu?"

Wanaume wa ukoo waliokuwa na haki ya kubeba tawi walikwisha kufa. Angelibeba mwenyewe. Alichohitaji ni gari la kulala, maana mgongo wake haukuweza tena kukaa kitini siku nzima, na dereva anayeijua njia. Dereva alikuwepo nyumbani: mkwewe, mzaliwa wa Morogoro. Safari ingeanza siku chumba kitakaponyooka.

Sasa lazima niseme alichokuwa nacho Dismas moyoni, kwa sababu bila hicho mtu ataona hii ni habari ya nati na bolti.

Barua iliyomfikia Mama MaKhumalo miaka ile ilisema mwanawe alifariki usingizini, katika kitanda cha zahanati ya kambi, rafiki zake wamemzunguka. Barua iliandikwa na kijana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, na aliiandika kwa huruma. Haikuwa kweli. Zwelakhe alikufa barabarani, ndani ya Land Rover, akipelekwa hospitali ya mjini. Aliyekuwa akiendesha ni Dismas, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa gereji ya kambi. Barabara ilikuwa mbovu, gari linaruka, mgonjwa analia kwa kichwa. Walipofika kwenye mashamba ya mkonge Zwelakhe alimshika bega akamwambia, "Simama, kaka, nipumue." Dismas akasimama. Alimteremsha, akamkalisha kando ya barabara, akampa maji. Kila alipotaka kumwinua waondoke, yule kijana alimsihi, bado kidogo. Walikaa pale karibu nusu saa. Hawakuondoka wote wawili wakiwa hai.

Kama asingesimama? Swali hilo alikuwa amelala nalo kwa miaka thelathini na saba. Mwaka mmoja baada ya msiba dada wa marehemu, Nomsa, alifika Morogoro kulitafuta kaburi la kaka yake, na fundi mmoja kijana akamwonyesha. Wakapendana, wakaoana, wakaja Johannesburg, wakajenga maisha Troyeville, wakamzaa Orpha ambaye sasa anafanya kazi Durban. Katika muda wote huo Dismas hakumwambia mkewe. Mwanzoni aliogopa kumkosa, baadaye aliogopa kuulizwa mbona siku zote hukusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini Dismas aliyaficha yake akaona kifo cha mwenziwe kinanyamaza tu.

Mpaka mama alipotaja tawi. Maana tawi huwekwa pale pumzi ilipokatikia, si kwingine. Mama MaKhumalo alikuwa amepanga apelekwe kwanza kwenye chumba cha zahanati, kwenye kitanda cha ile barua. Angesafiri zaidi ya kilomita elfu tatu kwenda kumwita mwanawe mahali ambapo hayupo. Ilibidi aambiwe, na wa kumwambia alikuwa mmoja.

Tatizo ni kwamba Dismas na mama mkwe wake hawakuwa watu wa kuzungumza. Yeye ni Mluguru, alilelewa akijua kwamba mama mkwe hatazamwi usoni. Mama MaKhumalo naye alishika heshima ya kwao kuliko majirani wote wa mtaa. Miaka thelathini chini ya paa moja, wamesalimiana kwa kutazama sakafu. Mama akitaka chumvi mezani, alimwambia Nomsa amwambie mkhwenyana, yaani mkwe wake, asogeze chumvi, na mkhwenyana yuko hapo, amesikia, anangoja tafsiri. Nomsa aliwacheka wote wawili. "Eish, nyinyi! Mila mbili zimeoana, mimi ndiye mtoto wao wa kutumwa."

Gari lililetwa Jumapili, likaegeshwa uani. Jumatatu Dismas aliomba ruhusa kazini, akalala chini ya chumba na spana zake. Kilisukumwa na mikono miwili ya chuma yenye meno, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mkono wa mbele ulikuwa umeruka meno mawili. Alifungua kiungo, akausogeza ule wa nyuma mpaka vipimo vya tepu vikalingana, akafunga, akabonyeza kitufe. Kikatoka upande vilevile. Alirudia mara nne. Kwenye sakafu ya gereji mtu angegundua mapema. Huyu alikuwa nyumbani, na nyumbani macho hulala. Ua wao, kama Troyeville yote, uliteremka. Alikuwa amezoea mteremko huo kiasi kwamba hakuuona tena, akasahau kwamba gari lililosimama kwenye mteremko bodi yake hujipinda, na vipimo vyote huwa vya uongo.

Jumanne mama akataka kulala humo.

"Mama anasema," Nomsa alimwambia mumewe, akijizuia kucheka, "unakitengeneza chumba kikiwa kitupu. Yeye si mtupu. Anataka akilalie ujue uzito wake."

Haikuwa hoja mbaya. Dismas alijitenga nyuma ya gari mpaka mama akapandishwa, akafunikwa blanketi, Nomsa akarudi ndani kupika. Kisha akatambaa mahali pake, akaanza kuigeuza bolti ya kupandisha. Halafu sauti ikatoka kule juu, kwenye uwazi wa pembe, sauti kavu ya bibi ambaye hakuwa akimtuma mtu.

"Mkhwenyana. Udongo wa kule una rangi gani?"

Dismas alibaki na spana hewani. Hakukuwa na mtu mwingine uani. Alielewa: ukuta ulikuwa katikati, hawaonani, kwa hiyo hakuna aliyevunja chochote.

"Mwekundu, Mama," alijibu kwa Kizulu chake cha kujifunzia ukubwani. "Mvua ikinyesha unakuwa kama damu ya mzee. Mzito."

"Nani walichimba kaburi?"

"Vijana wenzake. Na mimi."

"Wewe," mama alisema, na hakuongeza kitu siku ile.

Dismas alilia chini ya gari lile. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, uso mweusi kwa grisi, na alilia bila kujificha kwa sababu hapakuwa na wa kumwona. Lakini alifurahi pia. Aliona njia imepatikana. Kupitia uwazi ule angeweza kusema.

Jumatano asubuhi alitoka na kikombe cha chai, akakiweka juu ya ngazi ya gari, akaona chai imeegemea upande mmoja wa kikombe. Alijiita mpumbavu kwa Kiluguru. Akaleta jeki, mbao na pimamaji, akaliinua gari upande wa chini mpaka tone la hewa likakaa katikati, akaanza upya. Kufikia saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Mikono ilikwenda sawa, mipira ya kuzibia ilikaa pande zote, na kule juu hapakupita hata wembe. Mama MaKhumalo alikuwa kitandani kwake humo ndani. Alikuwa amezungumza mchana kutwa, ameuliza kama mwanawe alivishwa viatu, kama waliimba. Sasa Dismas alipiga ukuta kidogo kwa kidole.

"Mama?"

Hakusikia kitu. Labda alijibu, labda hakujibu. Chumba kilikuwa kimezibika sawasawa.

Akasimama pale akiitazama kazi yake nzuri, na kwa mara ya kwanza maishani kazi iliyokamilika ilimtia hofu. Kesho asubuhi wangeondoka. Njiani Nomsa angekuwa kati yao, na heshima ya zamani ingerudi mahali pake. Wakati wa kurudi mama angesema na tawi tu. Na lile neno lilikuwa bado tumboni. Alikuwa na mchana kutwa wa kulisema, akasema ya viatu na nyimbo.

Alichukua spana. Alilegeza bolti moja nusu mzunguko. Pembe ya juu ikaachia upana wa kidole.

Nomsa alipotoka kumwita kula, akamuuliza kama tayari. "Bado," alisema Dismas. "Juu pale panaachia. Siwezi kumlaza mama kwenye baridi ya njiani." Tazama ulimi wa mwanadamu ulivyo mwepesi. Siku moja tu, alijiambia. Kesho namwambia, keshokutwa tunaondoka.

Alhamisi mama aliuliza kuhusu zahanati. Dirisha lilikuwa upande gani? Kile kitanda, kilikuwa cha chuma? Dismas alijibu kwamba vitanda vyote vya kule vilikuwa vya chuma, na hilo lilikuwa kweli. Akafungua bolti, akafunga bolti. Mara tatu alivuta pumzi ya kuanza, na mara tatu akauliza kama mama anahitaji blanketi jingine. Usimcheke. Kuna watu wamebeba maneno kwa muda mrefu mpaka hawajui mlango wa kuyatolea.

Ijumaa sauti ya mama ilikuwa imeshuka, ikabidi asimame juu ya kreti ili aisikie.

"Mkhwenyana, nikifika, nitapiga magoti wapi?"

Lilikuwa swali lenyewe. Lisingeweza kuulizwa vizuri zaidi. Dismas aliweka spana chini, kisha akaiokota tena.

"Kesho, Mama," alisema. "Kesho nitakueleza. Yako mambo ya kueleza."

Mama akasema, polepole, "Sawa, mwanangu. Kesho." Hakuwa amewahi kumwita mwanangu.

Jumamosi asubuhi Nomsa alimpelekea mama uji garini akamkuta amelala ubavu, amegeukia ukuta, mkono chini ya shavu. Alikuwa ameshakuwa baridi. Dismas alisikia ukelele wa mkewe akiwa uani, kwenye kreti, ameshika spana, anajizoeza sentensi ya kwanza.

Wiki ile nyumba ilijaa. Godoro lilitandikwa chini, Nomsa akalikalia, wanawake wa kanisani wakaimba kila jioni. Ng'ombe alichinjwa, Orpha akaja kutoka Durban, mama akazikwa Jumamosi iliyofuata. Dismas alibeba viti, akapanga foleni ya magari, akatengeneza hata kipaza sauti cha mchungaji kilichokuwa kikikoroma. Kila aliyemsifu kwa kumhangaikia mama mkwe alimchoma. Gari la Mansour lilikaa palepale uani, chumba kikiwa nje, na watoto wa waombolezaji walicheza kukizunguka.

Siku ya tano baada ya mazishi, alasiri, watu wamekwisha kutawanyika, Dismas alikwenda kukiingiza chumba ili amrudishie Mansour mali yake. Nomsa alimfuata akiwa na nguo zake nyeusi, akakaa kwenye ngazi ya gari. Alikuwa amekonda.

"Mama Orpha," Dismas alisema bila kumtazama, "hiki chumba kilikuwa tayari Jumatano."

"Najua."

Akageuka.

"Mama aliniambia Alhamisi," Nomsa alisema. "Alisema, jana chumba kilinyooka, nililala nikaona giza zuri, hakuna mwanga juu. Halafu mkhwenyana akakilegeza, nikaona mwanga tena. Nikamwambia nitakuja kukuuliza, hii safari tunaichezea? Akanikataza. Akasema, mwache. Ana kitu anataka kuniambia na kinamwia vigumu. Tutamngoja."

Dismas alishika ukuta wa gari.

"Nikamuuliza kitu gani. Akasema hajui, lakini tangu barua ile ifike hajawahi kumwota Zwelakhe akiwa kitandani. Hata siku moja. Kila akimwota, yuko kando ya barabara, amekaa." Nomsa alifuta pua kwa kiganja. "Alikungoja Alhamisi, akakungoja Ijumaa. Alijua moyo wake unavyokwenda, baba Orpha. Alijua kuliko daktari. Ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi niambie mimi."

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama, mikono imening'inia, kwa Kiswahili cha nyumbani: gari lilivyoruka, mkonge pande zote mbili, mkono begani, maji, nusu saa. Alimwambia kwamba hajui hadi leo kama alimhurumia au alimwua. Yalikuwa maneno machache mno. Hayakuchukua hata dakika kumi, na ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba yangetosha kabisa kwenye mchana wowote mmoja wa siku zile.

Nomsa alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilia kwa muda, peke yake, na Dismas alipomsogelea aliinua mkono kumzuia.

"Hayo yalikuwa maneno ya mama," alisema hatimaye. "Mimi umenipa kwa sababu yeye hayupo."

Mtaani gari la mikate lilipita likipiga honi, mbwa wa jirani wakalifukuza, kukatulia.

"Mahali penyewe," Nomsa aliuliza, "bado utapatambua?"

"Nitapatambua."

"Hata kama wamejenga?"

"Hata kama wamejenga."

Alisimama, akajifunga kitambaa chake cheusi upya, akatazama ule ubavu wa gari uliokuwa umetoka nje.

"Usirudishe gari. Kaza hiyo bolti. Tawi nitalibeba mimi, Jumatatu tunaondoka," alisema. "Tukifika pale kwenye mkonge utateremka wewe kwanza. Utamwambia Zwelakhe kwa nini mama hakuja."